Bondo la Tajiri, Kichwa cha Mgeni

Watu wengi wanaokwenda kuliona Ziwa Victoria huanzia Mwanza, wakapiga picha kwenye Jiwe la Bismarck, wakarudi zao. Mimi niliamua kuanzia mbali na ufuko, Shinyanga mjini, ambako ukifungua bomba ni ziwa lenyewe linakutiririkia mkononi. Tangu 2009 maji yanavutwa kutoka Ihelele, upande wa Misungwi, yanasukumwa hadi tangi la mlimani, kisha yanateremka mpaka Shinyanga na Kahama, nchi ambayo zamani ndoo moja ya maji ilikuwa kazi ya kutwa. Kikwazo kilikuwa mkataba wa 1929, ambao Waingereza waliandikiana na Misri juu ya maji ya Nile bila kumuuliza Msukuma wala Mzinza. Tanzania ilikwisha kuukataa tangu enzi za Nyerere, na bomba likalazwa. Kwa hiyo kabla sijamwona samaki hata mmoja nilikuwa nimekunywa mgao wa kwanza wa ziwa. Na habari ya mgao ndiyo iliyonitoa nyumbani: nilitaka kujua samaki akishatoka majini, nani anapata nini.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu samaki ni changu, kolekole na kibua. Wa ziwani tulimjua kupitia dagaa wa Mwanza, na heshima yake iliishia hapo.

Shinyanga

Asubuhi Shinyanga hupiti bila salamu. "Mwangaluka," unaambiwa, nawe unajibu vivyo hivyo, kisha zinafuata habari za nyumbani, za ng'ombe na za mvua. Kwenye kibanda kimoja karibu na soko niliagiza chai, ikaja na sahani ya matobolwa: viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa mpaka vikawa vigumu, rangi ya asali. Vinatafunwa na karanga, tena taratibu, maana ukivifanyia pupa meno yatakujibu. Ndugu yake ni michembe, ambayo hukatwa na kuanikwa ikiwa mbichi, ikasubiri siku ya kupikwa. Vyote viwili ni akiba ya kiangazi. Nchi hii imejifunza kukausha chakula kwa sababu imezoea kunyimwa mvua.

Samaki naye humfikia mtu wa hapa akiwa mkavu. Sokoni nilisimama mbele ya meza ya mama mmoja aliyepanga biashara yake kwa mistari kama daftari la shule: dagaa wa kupima kwa kopo, vipande vya sangara aliyebanikwa mpaka akawa mweusi, na kayabo, yaani sangara aliyepasuliwa, akapigwa chumvi na kuanikwa mpaka akakakamaa.

"Shikamoo mama. Wabichi hakuna?"

"Marahaba baba. Wapo, ila wa huku anafika amechoka. Mchukue huyu mkavu, huyu hachoki tena."

Nilimchukua mkavu. Nikiwa namfunga kwenye gazeti akanipa somo ambalo sikulitegemea. Sangara ana mafuta mengi, alisema, jua peke yake halimuwezi. Dagaa unamtupa juu ya jiwe, jioni umemkusanya. Sangara anataka ama chumvi ama moto, na moto unataka kuni. "Kuni zenyewe ndizo hizo zimetumaliza," akamalizia, akionyesha kwa mkono upande wa kusini, kwenye uwanda ambao hauna cha kumzuia mtu kuona mbali.

Alikuwa anasema kweli, ingawa sangara hakuwa mkosaji wa kwanza. Miti ya Shinyanga ilianza kukatwa na serikali ya kikoloni ili kuwafukuza mbung'o, ikaendelea kukatwa kwa ajili ya pamba, mifugo na majiko. Mpaka miaka ya 1980 watu wakawa wanaita mkoa huu jangwa bila utani. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao watu wa nje waliusifu mno mpaka ukapewa tuzo ya kimataifa mwaka 2002. Busara yake ilikuwa ndogo na ya kienyeji: badala ya kuleta miche ya kigeni, walirudia ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga kipande cha malisho wakati wa mvua, nyasi zikue, miti ichipue kutoka kwenye visiki vyake, kisha kukifungua kiangazi kwa ng'ombe waliodhoofika. Hesabu inayotajwa sana ni kwamba mradi ulipoanza zilibaki ngitili za hekta 600 hivi, na miaka ishirini baadaye zilikuwa zimepita hekta 300,000.

Nilipelekwa kuiona ngitili ya ukoo mmoja nje ya mji. Kwa mtu wa Tanga, aliyezoea minazi na mikorosho, haikuwa na la kustaajabisha: migunga ya kimo cha mtu na nusu, nyasi kavu zinazofika kiunoni, kware wakiruka miguuni. Ila uzio hakuna. Ng'ombe wanapita kando, wanaangalia, hawaingii, kwa sababu mchungaji anajua siku ya kufunguliwa bado na anajua atakayemtoza faini.

Maganzo

Kutoka Shinyanga kwenda kaskazini unapita Maganzo, mji wa vibanda na vijana wanaokutazama machoni kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Hapa ndipo mlangoni pa mgodi wa Mwadui. Mwaka 1940 mjiolojia Mkanada, John Williamson, aligundua almasi mahali hapa baada ya miaka ya kutafuta. Mwaka 1947 ikatoka ile ya waridi, karati 54.5 kabla ya kukatwa, na ikatolewa zawadi ya harusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Baadaye iliwekwa katikati ya bruchi yenye umbo la ua, naye akaivaa mpaka uzeeni.

Maganzo haijabadilika sura kwa sababu ya jiwe lile. Nilikunywa soda, nikanunua karanga, nikaendelea. Safari ya mgao ina vituo vya namna hiyo pia, ambavyo mgawaji alikwisha kuondoka zamani.

Kigongo na Busisi

Baada ya Mabuki ardhi inaanza kuinua mawe. Kwanza moja moja shambani, halafu makundi, halafu mawe juu ya mawe, jingine limekaa ukingoni mwa mwenzake kana kwamba mtu alilitua kwa muda akasahau kulirudia. Njia hii hii, mwezi Agosti 1858, John Speke alipita akitokea Tabora, akafuata ghuba ya Mwanza mpaka tarehe 3 alipoliona ziwa kutoka kilimani. Akalipa jina la malkia wake. Wenyeji walikuwa na neno lao, Nyanza, na walikwisha kuvua humo vizazi kwa vizazi.

Ghuba ileile sasa inavukwa kwa miguu ya zege. Daraja la J.P. Magufuli, kutoka Kigongo hadi Busisi, lina urefu wa kilomita 3, na Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua mwezi Juni 2025. Unapita juu ya maji dakika chache tu. Zamani ungesubiri kivuko, na kusubiri kwenyewe kulikuwa soko: sato wa kukaanga kwenye karatasi, mayai, mahindi, stori. Mama mmoja niliyemkuta upande wa Busisi bado ana kikaango chake. Alisema daraja ni zuri, wagonjwa wanafika hospitali, hana neno nalo. Kisha akaongeza, "Ila gari halishuki kununua samaki." Nilishuka. Sato wake alikuwa amekatwa mikato mitatu ubavuni, chumvi imeingia mpaka mfupani, ngozi inavunjika kama kaimati za Mfungo. Hapo heshima yangu kwa samaki wa ziwani ilipanda daraja la kwanza.

Chini ya daraja hilo kuna msiba ambao hauonekani. Ghuba hii ilikuwa na furu, samaki wadogo wa kiganja, jamii mamia, kila mmoja na chakula chake na rangi yake. Wataalamu wa Kiholanzi walianza kuwachunguza hapa Mwanza mwaka 1977, wakawa bado wanawapa majina pale sangara alipowafikia. Sangara si mwenyeji. Alipandwa ziwani upande wa Uganda katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akakaa kimya kama mpangaji mpya, halafu katikati ya miaka ya 1980 akaijaza ghuba hii. Watafiti wakajikuta wanahesabu waliotoweka.

Geita na Mgusu

Sengerema nilipita bila kutua. Kuanzia hapo barabara inapanda vilima vya kijani, udongo unageuka mwekundu, na kila mtu anayepanda gari ana vumbi la rangi moja. Geita inaishi kwa dhahabu tangu Wajerumani waliponusa mawe yake mwishoni mwa karne ya 19. Mgodi wa zamani ulichimbwa kuanzia miaka ya 1930 mpaka 1966, ukafungwa, mji ukalala. Mgodi wa sasa, mkubwa mno, ulifunguliwa mwaka 2000. Ukikaa mjini unausikia kabla ya kuuona: mlipuko wa mchana, vioo vinatetemeka, na hakuna anayegeuza shingo.

Kilichonivuta mimi kilikuwa Mgusu, kwa wachimbaji wadogo, karibu na mji. Nilitaka kuona wanavyogawana, nipate cha kulinganishia nitakapofika mwaloni, ufukweni kwa wavuvi. Duara ni shimo lililoshikizwa kwa magogo, upana wake mtu na mabega yake, na kamba inashuka mpaka macho yanashindwa. Kinachopanda juu ni mawe kwenye viroba. Dhahabu haionekani, kwa hiyo wanachogawana ni viroba. Mwenye leseni anapata vyake, mwenye duara vyake baada ya kuondoa gharama za magogo, chakula na mashine ya upepo, waliobaki wanagawana vinavyobaki. Kila mmoja anaondoka na bahati yake haijafunguliwa, anaipeleka kwenye karasha ikasagwe, halafu ikaoshwe na kushikwa kwa zebaki. Mtu anaweza kubeba viroba viwili akapata cha kujengea nyumba, na mwenzake aliyebeba vinne vya duara lile lile akapata deni.

Mchana tulikula. Kwa mama ntilie wa Mgusu chakula ni kimoja: ugali na dagaa, na sahani zinafuatana bila mtu kuuliza bei. Dagaa walikuwa wa kukaangwa na nyanya, pilipili imetiwa bila huruma. "Mzee," kijana mmoja aliniambia, ingawa sioni uzee wangu ulipo, "dhahabu ni ya kwetu, lakini anayetulisha ni ziwa. Siku dagaa wakipanda bei, humu shimoni hatushuki."

Jioni nilipita kwenye soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa Machi 2019. Kabla ya hapo dhahabu iliuzwa vichochoroni. Sasa kuna vyumba vidogo, vioo, mizani za kielektroniki zinazosoma gramu mpaka nukta, na watu wanaozungumza kwa sauti ya chini. Mizani ile niliikariri sura yake. Sikujua kwamba nitakutana nayo tena ufukweni.

Nkome

Nkome ni mahali ambapo barabara inakoma kwa sababu imekosa ardhi. Mbele ni ziwa, visiwa vya samawati kwa mbali, Izumacheli kimojawapo, na ufuko uliojaa mitumbwi ya mbao iliyopakwa rangi na kuandikwa majina ya imani na ya vijembe. Harufu ni tatu kwa pamoja: petroli, moshi na samaki. Mwalo una sheria zake. Una uongozi wake wa wavuvi, mahali pake pa kupimia, na mti wake ambao chini yake wazee hukaa.

Nahodha aliyekubali kunichukua alikuwa mtu wa maneno machache, Mjita aliyezaliwa Musoma, akaoa Mzinza, akahamia. Wafanyakazi wake: Msukuma mmoja, Mkerewe mmoja, na kijana wa Kiha ambaye alisema amejifunza kuogelea mwaka huo. Kazi ya sangara wa nyavu ina utaratibu. Jioni wanatega, nyavu zinakaa usiku kucha zikiwa na maboya, alfajiri zinavutwa. Tuliondoka Nkome nyota bado zipo, na kwa mbali mstari wa taa za wavuvi wa dagaa ulikuwa umezunguka upeo mzima, ungedhani kuna mji upande wa pili.

Tulipofika kwenye boya la kwanza injini ilizimwa. Wawili wakashika kamba, mmoja akashika kasia kuuweka mtumbwi sawa na upepo, nahodha akawa anamulika. Pima za kwanza zilileta magugu maji, majani na mizizi iliyovurugika, wakawa wanachambua wakilaani kwa Kisukuma. Kisha akaja gogogo. Huyu ni samaki wa miiba, anajisokota wavuni mpaka kumtoa inakuwa kazi ya fundi cherehani, na miiba yake ikikuchoma kidole kinavimba. Mkerewe alimtoa kwa meno na kisu, bila kukata uzi. Wavu ni mali kuliko gogogo.

Halafu wavu ukawa mzito. Nahodha akasema, "Huyo," na tochi ikateremka majini. Kwanza yakaonekana macho, mawili, ya rangi ya kaa la moto, yakiwaka kutoka chini kana kwamba yana taa zao. Macho ya sangara gizani hurudisha mwanga hivyo. Kisha mgongo wa fedha, kisha mdomo uliopanuka kutosha ngumi mbili. Hakupigana sana. Akitolewa kwenye kina kirefu, upepo ulio tumboni mwake unamvimbisha, anafika juu ameshindwa tayari. Msukuma alimshika nyuma ya matamvua, akamvuta ndani, mtumbwi ukainama. Nikamkadiria urefu: kutoka kiunoni kwangu mpaka chini.

Walikuja wengine, wadogo kwake. Pembeni mwa mtumbwi kulikuwa na fito iliyochongwa alama. Nahodha alimlaza kila samaki kwenye fito, na kwa kadhaa akaguna. Hawakufika alama. Sheria inataka sangara afikie sentimita 50, na nyavu zenye macho chini ya inchi 6 haziruhusiwi kumvua. Mwaka 2018 kulikuwa na Operesheni Sangara. Nyavu haramu zilikusanywa ziwa zima na kuchomwa moto, na mpaka leo ukilitaja jina hilo Nkome mazungumzo hubadilika sauti. Wavu wa nahodha ulikuwa wa halali, niliupima kwa vidole vyangu. Lakini wavu hauna akili, na sangara mdogo akinasa usiku, alfajiri amekufa. Kumrudisha majini ni kuwalisha ndege. "Hawa hawauzwi," alisema nahodha, akawatupa kwenye ndoo ya pembeni. Nikauliza sasa inakuwaje. Akajibu neno moja: "Kitoweo."

Jua lilikuwa limeshachomoza tuliporudi. Mtumbwi ukigusa mchanga, watu wanajitokeza bila kuitwa: wanaosukuma, wanaoshika kamba, watoto wenye mabakuli, mama wawili wa samaki, wakala wa kiwanda mwenye buti nyeupe, na kijana wa tajiri mwenye daftari. Tajiri mwenyewe hakuwepo. Tajiri ni mwenye mtumbwi, nyavu na injini, na kwa kawaida yuko mahali pengine.

Samaki waligawanyika macho yangu yakiona. Wa kiwandani walipimwa wakiwa wazima, wakazikwa kwenye barafu ndani ya sanduku la gari, safari ya Mwanza. Kule hutolewa minofu, na minofu husafiri mpaka Ulaya. Viwanda hivyo vilianza kushamiri miaka ya 1990. Mwaka 1999 Ulaya ilipofunga milango kwa sababu ya watu waliovua kwa sumu, fukwe zote za ziwa zilisikia njaa. Mifupa na vichwa vinavyobaki kiwandani, mapanki, hurudi kwa watu: hukaangwa, huliwa. Ndiyo mifupa ile iliyopigwa filamu ya mwaka 2004 ya Hubert Sauper, ikazunguka dunia, na Rais Kikwete akaja kuilalamikia hadharani. Mimi niliiona filamu ile zamani, na bado nadhani swali lake lilikuwa la haki: kwa nini nyama iende na mifupa ibaki? Ila mpiga picha hakukaa mwaloni mpaka mwisho wa asubuhi. Angeona na mengine.

Samaki waliokataliwa na wakala, kwa kuwa wamelegea au wamechubuka, walipasuliwa hapo hapo. Mpasuaji alikuwa mwanamke mwenye kisu chembamba kilichokwisha kwa kunolewa. Alimchana sangara tumboni, akasukuma utumbo kando, akaingiza vidole chini ya uti wa mgongo na kukipukuchua kitu cheupe, kirefu, kinachong'aa kama plastiki iliyolowa. Bondo, yaani kibofu cha upepo cha samaki. Akaliosha, akalikwangua utando wa damu, akalilaza kwenye mizani. Mizani ilikuwa ile ile ya Geita, ndogo, ya gramu, yenye nukta. Mabondo hununuliwa na wafanyabiashara wanaoyapeleka China na Hong Kong, kwa wapishi na wenye dawa, na kilo moja ya bondo kubwa huzidi kwa mbali bei ya kilo ya samaki aliyelibeba. Kijana wa tajiri, ambaye mpaka hapo alikuwa anacheza na simu, aliiweka mfukoni na kusogea karibu.

Baada ya hapo daftari. Yanatoka mafuta, inatoka barafu, yanatoka matengenezo ya nyavu. Kinachobaki kinakatwa katikati: nusu ya tajiri, nusu ya wavuvi, na katika nusu ya wavuvi nahodha anazidi kidogo. Kila mwalo una hesabu yake, lakini umbo ni hilo. Kijana wa Kiha alihesabu mara mbili kwa vidole, akanyamaza.

Kitoweo hakikuandikwa daftarini. Ndoo ile ya pembeni ilishushwa, na nahodha mwenyewe akagawa. Samaki mmoja kila mvuvi, wa kwenda naye nyumbani. Vipande kwa walioshika kamba. Gogogo kwa watoto, nao wakampokea kwa shangwe isiyolingana na ukubwa wake. Mmoja akapelekwa chini ya mti kwa mzee aliyekuwa nahodha kabla ya huyu. Mzee hakuomba wala hakushukuru kwa maneno, alisogeza tu mkeka kumpisha aliyeleta. Kijana wa tajiri aliangalia pembeni. Bondo analihesabu, kitoweo hakihesabu, na sidhani kama yupo tajiri wa Nkome anayethubutu kubadilisha hilo.

Kichwa cha yule mkubwa nilipewa mimi. "Mgeni hapewi mkia," alisema yule mama wa kisu. Akakipasua katikati, akakitia sufuriani na ndimu, kitunguu, nyanya na pilipili nzima zilizoelea bila kupasuliwa. Kichwa cha sangara si mifupa. Kuna nyama ya shavu, inayotoka kama tonge, kuna ukocho nyuma ya jicho, na mafuta yanayofanya supu iwe nzito bila nazi. Kililetwa na ugali wa muhogo, mweusi kidogo, unaovutika. Tulikula watu wengi kwa sinia moja, nikiwa nimekaa karibu na yule mzee wa mti. Aliniambia sangara alipoanza kuonekana ujanani mwake watu hawakumtaka, walimwona ana mafuta mengi na harufu. Walitaka furu na ningu. "Sasa ningu hatumwoni," alisema, akanisogezea shavu la pili.

Muganza

Mwisho wa safari yangu ulikuwa Muganza, wilaya ya Chato, kwenye mwalo wa Kasenda. Hapa mfalme ni dagaa. Kwa kuwa mwezi ulikuwa mwembamba, siku zilikuwa za giza, na giza ndiyo kazi yenyewe: dagaa hufuata taa, kwa hiyo mbalamwezi ikishika wavuvi hulala na mwalo hupooza. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni taa za sola. Asubuhi mchanga wote na vichanja vyote vinageuka fedha, na wanawake wanapita katikati na mafagio laini wakiwageuza. Kazi ya kuanika ni yao karibu peke yao, na mvua ya ghafla ni hasara yao peke yao pia.

Ng'ambo ya maji unaona msitu wa Rubondo, kisiwa kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Kati ya 1966 na 1969 Bernhard Grzimek wa Frankfurt alileta hapo sokwe waliokuwa wamefungwa kwenye bustani za wanyama Ulaya, akawaachia, na wajukuu wao sasa wanaishi porini. Uvuvi wa biashara hauruhusiwi kwenye maji ya hifadhi. Mtalii anaruhusiwa, kwa kibali, kuvua sangara kwa fimbo. Anampigania, anampima, anapigwa picha naye, na mara nyingi anamrudisha.

Niliwasimulia hilo wanawake wa Kasenda. Wakanikatisha. Anamrudisha mzima mzima? Na aliyemwendeshea boti anapata nini? Nikasema mshahara na bahashishi. "Na kitoweo?" akauliza mmoja. Nikasema hapana. Wakatikisa vichwa, wakarudi kugeuza dagaa wao.

Mimi simlaumu mtalii. Samaki anayerudi majini hajamnyima mtu chakula, na maji yaliyofungwa kando ya Rubondo ni mahali pa sangara kuzaa, jambo ambalo wavuvi wa Nkome wanalikubali hata kama wanalitazama kwa jicho la husuda. Lakini kama ni mimi wa kuchagua, nitamla kwenye sinia la wengi.

Basi ukipata nafasi, nenda. Fika Nkome kabla ya jua, shika kamba pamoja na wenzako mtumbwi unapovutwa, usiombe chochote, utapewa. Ukifika Kasenda uliza kwanza kama ni giza. Na popote utakapokuwa, Geita, Mwanza au Dar es Salaam, ukiuziwa sangara asiyefika nusu mita, muache kwenye meza ya muuzaji hata akikupunguzia bei: sheria hairuhusu avuliwe wala auzwe.